Niko Kisiwani, Msinitafute

Ndugu zangu, nimechoka, na safari hii nimejichosha mwenyewe. Niliishia darasa la saba, lakini duka la vitenge Kariakoo ni langu, na spika ya mlangoni inarudia sauti yangu niliyoirekodi, kutwa nzima. Kupumzika sikujui. Basi nikawatambia majirani wa maduka: "Wiki hii msinitafute. Naenda Mafia na mke wangu, nikaogelee na papa potwe. Nyie bakini na vumbi lenu."

Kufika uwanja wa ndege, kindege chenyewe kama bajaji iliyoota mabawa. Miguu ikagoma. Mke wangu akanitazama, akasema, "Baba Neema, hoteli imeshalipiwa. Mimi naenda." Akapanda, akaenda.

Dukani ningerudi na uso gani? Nikachukua chumba gesti, mtaa wa nyuma ya duka langu, nikajifungia na feni mbovu. Kulala kwenyewe hakulaliki kwa kelele. Kesho yake nikatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu letu la wafanyabiashara, nikiongea taratibu kama mtu aliyeshiba upepo: "Jamani, huku kisiwani kimya. Nasikia mawimbi tu."

Haikuchukua muda, Mangi, jirani yangu muuza mabegi, akajibu: "Bosi, nimekusikiliza mara mbili. Nyuma ya hayo mawimbi unajitangaza mwenyewe: 'Vitenge, vitenge, karibu mama, jumla na rejareja!' Kumbe Mafia umeshafungua tawi?"