Miti ya Ndizi Chini ya Plafon ya Mama

Walisema sitafika Kampala, nikafika. Walisema sitamaliza masomo, kwa sababu mtu anayebeba matofali mchana hawezi kusoma jioni. Nikarudi na diploma ya ujenzi yenye mhuri, ambayo mpaka leo naihifadhi katika nailoni. Walipoishiwa na maneno, walisema sitaweza kuondoa ukuta mmoja katika nyumba ya mama yangu, pale Mususa, mtaa wa Butembo, bila kuangusha plafon, dari ya mbao iliyo juu yake.

Aliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote ni mjomba wangu, kaka yake mama.

"Ukuta, hata mbuzi anaweza kuvunja," alisema mbele ya watu waliokuwa wanatoka misa. "Lakini kule juu, nani atashika?"

"Miye, mujomba."

"Na mikono gani? Ile ya Kampala?"

Watu wakacheka. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na kicheko ndicho kitu pekee wanachotoa bila kutaja bei. Nilikipokea.

Ukuta wenyewe ulitenganisha salon, yaani sebule, na chumba cha kulala. Dada yangu alikuwa ameposwa, na wakwe walikuwa njiani kutoka Alimbongo kuleta mbuzi wa mahari. Miaka ile ya vita hakuna aliyefunga turubai uani, kwa maana turubai lilionekana kutoka kambi ya askari pale juu ya mlima, na askari hawakuhitaji mwaliko. Sherehe zilifanyika ndani, mlango umefungwa. Na kwetu, jamaa wa upande mmoja wasipoona uso wa anayesema upande wa pili, mazungumzo huanza upya. Bila chumba kikubwa, dada yangu angezeekea nyumbani.

Mama alikataa. Kwanza alisema nipanue jikoni. Kisha akasema ukuta ule ulijengwa na marehemu baba. Mwishoni alikubali, kwa sharti moja.

"Mutu hapana panda mu plafon."

"Mama, kule juu iko nini?"

"Vumbi."

Sikubishana. Fundi aliyesoma hahitaji kupanda. Anasoma misumari ya plafon akiwa chini. Misumari ilinionyesha kwamba baba alikosa miti mirefu, akaunganisha boriti mbili mbili, na maungo yote yakalala juu ya ukuta ule ule. Ukiondoa ukuta, kila boriti inabaki na mguu mmoja. Fundi wa kubahatisha huweka nguzo upande mmoja, akashangaa upande wa pili ukimfuata. Mimi niliweka pande zote mbili: ubao sakafuni, ubao mwingine chini ya boriti, miti imesimama wima kati yake, na kabari mbili kwenye kila shina. Unagonga polepole mpaka mti ukatae kutikisika, halafu unaacha. Ukizidisha, unainua plafon na misumari inalia.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na ninaisimamia hadi leo. Kwa plafon ya mbao, vumbi na panya wawili, miti ile ilitosha na kubaki.

Nilianza kutoa matofali kutoka juu. Mstari wa kwanza ulitoka vizuri. Nilipogusa wa pili, boriti ziliguna, ubao ukajikunja kama upinde, na kutoka kwenye ufa wa plafon kikaanguka kitu kichwani pangu. Halafu kingine. Nikaokota. Ilikuwa kahawa, kavu, tayari kwa kuuzwa.

Mama alikuwa mlangoni. Aliiangalia ile kahawa kama kwamba ni mimi niliyeileta.

"Mama, hii ni vumbi ya nani?"

"Ya jirani," akasema. "Na mashine yake ya kushona. Na kinga yake, baiskeli ile iliyofunguliwa vipande. Na mabati ya mujomba yako."

Ndipo nilipoelewa kwa nini mjomba alijali sana nani atashika kule juu. Mtaa mzima ulikuwa umeficha mali yake juu ya kitanda cha mama yangu, kwa sababu nyumba ya mjane ilipekuliwa mara chache, na kwa sababu ukuta ule ulikuwa imara. Hakuna chuo Kampala kinachofundisha uzito wa jirani.

Kuteremsha mali ile mchana kulikuwa sawa na kuipeleka kambini sisi wenyewe. Kuiacha ianguke kulikuwa vibaya zaidi: watu wangepoteza kila walichookoa, na mama angeulizwa na pande zote mbili, majirani na askari. Nikarudisha matofali mawili kwa mkono, nikagonga kabari, kisha nikamtuma mama aseme neno moja tu mtaani: aliye na kitu juu, alete mti wa kukishika.

Shida ilikuwa miti. Kila mkaratusi uliolala uani ulikuwa umeshapelekwa kambini kujenga vibanda. Miti pekee iliyobaki ni ile iliyokuwa kazini, ikishikilia migomba iliyoelemewa na mikungu. Basi ikatoka huko. Wa kwanza kufika ni jirani mwenye kahawa.

"Mugomba yangu nimeifunga na kamba," alisema. "Ikianguka, utakula ndizi mbichi, fundi."

Wakaja wengine, ambao mama hakuwataja. Hakuna aliyesema ameficha nini. Kila mmoja aliegemeza mti, akasalimu, akaangalia juu mara moja. Mwanamume mmoja alileta miwili. Mjomba alikuja mwisho na mti mrefu kuliko yote.

"Ni ya kusaidia dada yangu," akasema.

"Wasingya, mujomba," nilimshukuru. Mabati yalikuwa juu ya utosi wake.

Kesho yake, salon ikiwa msitu, doria ikasimama mlangoni. Mkubwa wao, aliyetumwa kwetu kutoka mkoa mwingine, akaingia na fimbo.

"Oyo nini? Hii ni nini?"

"Chef, tuko tunapanua salon juu ya ndoa ya dada yangu."

Akagonga mti mmoja. "Miti yote hii? Kule juu iko nini?"

Nyuma yangu mama aliacha kupepeta mchele. Nikatoa diploma katika nailoni. Nikamweleza uzito unavyosafiri kutoka bati hadi boriti, kutoka boriti hadi nguzo, kwa nini mti mwembamba hujikunja kabla ya kuvunjika, na kwa nini hekima ya ujenzi ni kuzidisha. Nilipoanza kuchora kwa chaki sakafuni, alikuwa ameshafika mlangoni.

"Basi, ingénieur," alisema. "Basi."

Tangu siku ile mtaani naitwa ingénieur, yaani mhandisi, na cheo hicho nilipewa na serikali yenyewe.

Ukuta ukatoka. Nikajenga nguzo mbili za matofali, nikapandisha juu yake mti mgumu wa libuyu uliotoka Beni, nikaubana chini ya maungo ya boriti, nikaacha saruji ikauke. Kisha nikalegeza kabari, mti kwa mti, kidogo kidogo. Hakuna kilichoguna. Wakwe walikaa, pande zote zikaonana, na mzee wao akasifu plafon iliyonyooka. Jirani mwenye kahawa alishukuru kwa niaba ya plafon.

Nilirudisha miti yote, kila mmoja kwa mgomba wake. Mjomba peke yake alikataa wake.

"Acha kwanza."

"Mujomba, hapana shika kitu. Angalia." Nikapitisha kiganja kati ya mti na ubao.

"Acha tu."

Ukabaki katikati ya salon, haushiki chochote, wageni wakitundika kofia. Nami nikabaki mdaiwa wa mti mmoja. Mwishowe, asubuhi moja baada ya mvua kubwa, alikuja mwenyewe, akautikisa, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Mugomba yangu inalala," alisema. "Lete."

Nikaubeba begani mpaka shambani kwake, nikauchomeka chini ya mkungu, nikagonga jiwe kwenye shina mpaka mti ukakataa kutikisika. Akausukuma kwa mkono, mara moja.

"Itashika," akasema.

Nikarudi nyumbani. Mususa yote hapakuwa na mtu aliyenidai mti.