Kitambaa au Kidole

Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, hajui tofauti ya kapasita na kidonge cha kikohozi. Naliandika hili mapema kabisa, maana kila anayemsimulia huanza na sifa na kumaliza na sifa, utadhani anasoma risala mbele ya mgeni rasmi.

Watu wanamwita Bisibisi. Mjomba ndiye aliyempa jina hilo, wiki ile ile aliyofika karakanani kwake. Mimi niliyemtangulia kwa miaka miwili, mwenye bisibisi sita za kwangu mwenyewe, naitwa Msomi. Usomi wenyewe niliuacha chuoni, stashahada ya elektroniki ikiwa imebakiza mwaka mmoja. Mjomba akitamka "Msomi", fundi cherehani wa mlango wa pili hucheka bila hata kusubiri kichekesho.

Kabla ya hapo Bisibisi alikuwa akifanya usafi kwenye nyumba za watu, zile ambazo taa unaiamrisha kwa mdomo. Alikuja na ndoo, aproni na kitambaa cha njano, akaomba kazi ya kufagia. Mwezi wa tatu akawa anapokea wateja. Kufika mwezi wa sita, wateja wakiingia wananitazama kama wanavyotazama stuli, halafu wanauliza, "Yule dada yupo?"

Sisi hupokea vifaa vya nyumbani vilivyochokwa: kamera za mlangoni, spika zinazojibu maswali, vitasa vya namba, balbu zinazowashwa kwa simu. Vizima vinatafutiwa mwenyewe mpya. Vibovu vinafunguliwa, betri zinalazwa kwenye debe la mchanga, maana zikibanwa ndani ya gari la taka zinawaka moto, na vilivyobaki vinapelekwa kiwandani kuyeyushwa. Vyote hufungiwa kwanza kwenye kabati moja la chuma, kwa sababu kifaa hakisahau: kina sauti za watu, sura zao, na neno la siri la intaneti ya nyumbani.

Mwaka huu Mjomba alipangiwa upasuaji wa macho, miezi miwili asiguse kazi. "Ijumaa nitatoa ufunguo wa kabati," alisema. "Atakayeushika ndiye fundi. Mwenzake ni msaidizi."

Wiki hiyo niliamua kumwahi Bisibisi kazini. Jumatatu nilifika mapema nikamkuta. Jumanne nikafika mapema zaidi, nikamkuta anakunywa chai.

Jumanne hiyo hiyo alipotoka kupeleka mzigo kiwandani, akaingia mwalimu mstaafu na boksi lake la kamera za mlangoni.

"Umezifuta, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Zote, mwanangu. Tangu asubuhi sina kazi nyingine."

Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika IMEFUTWA kwenye karatasi kwa herufi zangu za chuo, nikaibandika kwenye boksi. Bisibisi aliporudi, kinyozi wa mtaa wa nyuma alikuwa ameshachukua kamera moja. Ilikuwa na laini yake ya intaneti ndani. Akaitundika ukutani, taa ya kijani ikawaka, naye akaridhika. Kuiunganisha na simu yake tulipanga Jumamosi. Siku nzima nilitembea kifua mbele.

Alhamisi mwalimu akarudi, simu ameishika mbali na uso kama kitu kinachonuka.

"Mwanangu, simu yangu inanionyesha wanaume wananyolewa."

"Wanaume gani, Mwalimu?"

"Nitawajuaje? Tangu jana! Leo nikashindwa kuvumilia, nikabonyeza pale pa kuongea, nikasema, 'Wewe, huyo unamkata upande!'"

Hajamaliza, kinyozi akaingia anahema. Nyuma yake mteja mwenye taulo shingoni, na barabara nyeupe iliyonyooka kutoka kwenye paji la uso mpaka utosini.

"Ukuta umenisemesha!" kinyozi akalia. "Mkono ukaruka!"

"Na kichwa changu ukaruka nacho?" mteja akamuuliza.

Mjomba akavua miwani. "Nani aliyeandika IMEFUTWA?"

Karatasi haikuwa na jina. Anayepokea wateja ni Bisibisi, mtaa mzima unajua. Sitadanganya: jina lake lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu, limekaa, limevua na viatu.

"Mwalimu," Bisibisi akaniwahi, "ulizifuta kwa kitambaa au kwa kidole?"

"Kwa kitambaa, binti yangu, na maji ya uvuguvugu. Kidole kinafuta nini?"

Hata mwenye barabara kichwani alicheka. Bisibisi hakucheka.

"Swali ndilo bovu, Mjomba. Mimi nilifukuzwa kazi kwa neno hilo. Mama mwenye nyumba alikuwa anahama, akaniambia, 'Futa vifaa vyote, nitavigawa.' Nikavifuta mpaka nikajiona ndani yake. Spika ikaenda kwa jirani, ikawa inamsomea jirani siku za mama kwenda kwa daktari. Akasema nimemfanyia makusudi."

Miezi kumi na moja tumekaa meza moja, na mimi nilidhani lile swali lake kwa kila mteja ni madoido.

"Ni mwandiko wangu," nikasema. Msinisifu. Mjomba alikuwa ameshaivuta karatasi karibu na macho, na herufi za chuo hazijifichi.

Kinyozi akatumwa kuileta kamera. Bisibisi akakaa na mwalimu, akamwongoza aiondoe kwenye akaunti yake kwa kidole chake mwenyewe. Kisha akabonyeza kitufe cha nyuma kwa pini mpaka taa ikapepesa, ikawa kama ilivyotoka kiwandani. Akachomoa laini na kadi ya kumbukumbu, akamwekea mkononi.

"Hizi ni sura za wageni wako, Mwalimu. Usimwachie mtu."

Mjomba hakungoja Ijumaa. "Bisibisi, shika." Akaupokea ufunguo bila hata kunitazama, na hilo ndilo linaloniuma, maana nilikuwa nimeshaandaa sura ya kutojali.

Wiki mbili baadaye alikuwa nyuma anaziba ncha za betri kwa utepe. Mzee mmoja akaingia na mfuko wa spika. Nikaegemea kaunta.

"Mzee wangu, umezifuta kwa kitambaa au kwa kidole?"

Akacheka mpaka akashika meza. Nami nikajisikia fundi.

"Hivyo hivyo ndivyo alivyoniuliza yule dada mara ya kwanza," akasema, akijifuta machozi kwa kidole. "Yupo?"

"Yupo," nikasema, nikaenda kumwita.