Mrija wa Mgeni

Tangu ghala lake la wimbi liungue pale Busia, Alaso hakumwamini hata aliyemsalimia. Salamu aliinusa kwanza, kama mtu anavyonusa maziwa ya jana.

Moto ulianzia kwenye waya wa umeme, mchana kweupe, mtaa mzima ukiona. Ulikula sehemu yote ya nyuma, ukabakiza ukuta wa mbele na baraza. Bima alikuwa ameilipia miaka sita bila kukosa, lakini kampuni ilikataa kumfidia. Ilisema alikuwa akiwasha moto wa pombe ghalani, jambo ambalo mkataba umelikataza. Alaso alipoishtaki huko Tororo, ikaleta picha: yeye barazani, birika mkononi, akimimina maji ya moto kwenye chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi, jiko likiwaka pembeni, wazee wamekizunguka chungu na mirija yao mirefu.

"Ilipigwa kabla ya ghala kuungua," alisema wakili wa kampuni. "Tulipewa na jirani mwema."

Jirani! Wa kumshuku alikuwa mmoja tu: Imalingat, mwalimu mstaafu, mwenye simu nzuri kuliko wote pale chunguni. Jioni hiyo Alaso aliutoa mrija wa mzee huyo ukutani ulipokuwa ukining'inia, akampelekea hadi mlangoni.

"Mama Acom," mzee akamwita Alaso, "nimekosa nini mimi?"

"Uliza simu yako."

Hata Opendi, wakili wake mwenyewe, alimtazama kwa jicho la pembeni. Mbona alicheka na wale wa kampuni kule koridoni? Soda aliyomnunulia Alaso hakuigusa.

Siku ya kutoa ushahidi, hakimu alimpa picha mkononi. "Mama, huyu ni wewe?"

"Ni mimi." Kisha, kwa mazoea ya mwenye chungu, akahesabu mirija. Mitano. Akahesabu wanywaji. Wanne, na Imalingat yumo, mashavu yamebonyea kwa kuvuta. Mrija wa tano ulikuwa umeegemea kigoda kitupu, na juu ya kigoda pamelala faili la bluu lenye nembo.

Alaso akaliangalia faili la bluu mezani mwa wakili wa kampuni. Nembo ileile.

"Mheshimiwa, uliza mwenye kigoda hiki. Ni Luke, mkaguzi wao. Alikuja kuangalia majivu. Kwetu mgeni hakai mdomo mkavu, nawasha jiko, namwekea chungu, nampa mrija mpya. Akasema anasimama kidogo kupiga picha ya ukuta."

Luke, aliyeketi nyuma, aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

"Kabla ya moto, alikuja kwako?" hakimu akauliza.

"Hata njia hakuijua. Nilimwelekeza kwa simu."

Hakimu aliitupilia mbali picha, akaamuru Luke apande kizimbani baada ya mapumziko. Hawakufika huko. Wakili wa kampuni aliwawahi koridoni, anatabasamu, ana karatasi.

"Mama yetu, tumalize kindugu. Tunalipa yote. Weka sahihi hapa tu."

Opendi alisema masharti yanaonekana mazuri. Alaso aliikunja karatasi, akaitia kifuani, akapanda bodaboda mpaka kwa Imalingat. Mzee alikuwa anamenya muhogo, hakuinua kichwa.

"Mwalimu, nilikushuku bure. Nisamehe."

Kisu kikaendelea.

"Na hii nisomee. Polepole, hadi yale maandishi madogo ya chini."

Imalingat akafuta mikono, akavaa miwani.

"Mrija wangu," alisema, "utaurudisha ukutani mwenyewe."