Bi harusi aliyepanda kilima kinyumenyume

Jumamosi iliyopita, huku kwetu Wazo, majirani tulimsindikiza bi harusi. Nyumba yao ipo bondeni. Alipanda gari la mjomba wake, lile kubwa la otomatiki ambalo umri wake unakaribia wa bi harusi mwenyewe, limepambwa maputo kila upande. Kuanza kilima tu, injini ikanguruma na gari lisisogee. Kisha likaanza kurudi chini, matarumbeta yakiendelea kupigwa.

Fundi wa mtaani, ambaye siku hiyo alikuwa mgeni mwalikwa ndani ya suti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akakunja uso.

"Giaboksi inateleza, mzee wangu. Mbele haishiki. Rivasi je?"

"Rivasi haijawahi kunigomea," mjomba akajibu, kama anayemtetea mwanawe.

"Basi geuza. Tunapanda hivyohivyo."

Gari likageuzwa, likapanda kinyumenyume. Mjomba kapinda shingo, fundi anapunga mikono, "Njoo, njoo, kata kulia," matarumbeta yametangulia. Sie tulicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mie nilikuwa natembea kando ya dirisha la bi harusi. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa ameinua shela, anampungia mkono mama yake aliyebaki getini, kupitia kioo cha mbele.

"Anko, taratibu," akasema. "Bado namwona."

Nimeshuhudia maharusi wengi wakitoka kwao kwa magari mazima. Wote waliondoka wamewapa mama zao kisogo.