Mkereza Vyuma na Pete Isiyowasha

Saa moja na nusu asubuhi. Mkereza vyuma ambaye kiwandani humwita Milimita, kwa kuwa hapitishi kosa hata la unene wa unywele, anafunga ufito kwenye mashine ya kerezo na kuinama kusikiliza unavyozunguka.

“Chuma hiki hakitaki mzaha,” anasema bila kuinua macho. “Ukikikwaruza kwa kusitasita, kinazidi kuwa kigumu. Ingia kwa kina, taratibu, wala usisimame njiani.”

Ana miaka hamsini na saba. Kwa miaka thelathini na mmoja amekereza skrubu za kuungia mifupa iliyovunjika, akisimama saa tisa kwa siku. Mgongo nao umeanza kulalamika.

Chuma hicho kipya kililetwa miaka miwili iliyopita. Cha zamani, nacho kisichoshika kutu, kilikuwa na nikeli, na wapo wagonjwa ambao miili yao huikataa. Katika hiki, kazi ya nikeli inafanywa na manganizi na naitrojeni.

“Naitrojeni ndiyo hiyo hiyo iliyojaa kwenye hewa tunayovuta,” anaeleza. “Chembe zake ni ndogo, zinajipenyeza katikati ya chembe za chuma na kuzibana zisiteleze. Chuma kinapata nguvu maradufu, lakini hakipasuki ovyo. Na chumvi ya mwili haikitoboi kirahisi.”

Siku ya kwanza alivunja ncha sita za kukatia. “Nilijiona mwanagenzi!”

Lakini siku ile mhandisi wa kiwanda alipowaeleza juu ya chuma hicho na kutaja nikeli, mawazo ya Milimita yalikuwa yameshafika nyumbani.

Mkewe ni mshonaji. Siku ya nne ya ndoa yao, kidole chake cha pete kilivimba na kutoka malengelenge. Bwana harusi mwenyewe ndiye aliyeikata pete hiyo kwa msumeno mdogo. Mbili zilizofuata, moja akiwa ameikereza yeye, zilileta ukurutu ule ule. Dhahabu safi ilibaki ndoto.

“Shangazi wa mume wangu alisema kidole kinajua kisichokifaa,” anasimulia mke huyo. “Maneno yale yaliniwasha kuliko pete. Kwenye hadhara nilikuwa naficha mkono ndani ya mtandio.”

Kiwandani, kila kipande kinachobaki hupimwa na kurudishwa stoo. Milimita hakutaka kudokoa. Alivua kofia, akaingia kwa msimamizi, mwanamke wa rika la binti yake.

“Mzee, miaka sita niko hapa hujaniomba hata ruhusa ya mafua,” msimamizi alishangaa. “Leo unaomba kipande cha chuma?”

Alipoelezwa, akasaini. Ila alimpa sharti: kwanza akate kisahani chembamba, mkewe akifunge mkononi kwa bandeji wiki nzima.

“Wiki ile ilikuwa ndefu kuliko uchumba wetu,” anasema Milimita. “Kila saa namuuliza, ‘Kinawasha?’ Mpaka akanijia juu: ‘Baba watoto, kinachoniwasha ni maswali yako!’”

Siku ya saba walikaa ukingoni mwa kitanda, dirisha likiwa wazi. Milimita akaifungua bandeji. Ngozi ilikuwa imekunjamana kwa jasho, lakini safi, haina hata kipele. Mkewe akamnyooshea kidole akipime.

Pete ilimgharimu siku nzima ya mapumziko na ncha tatu za kukatia. Huu ni mwezi wa kumi na moja, haijavuliwa.

“Juzi nilimkuta kwenye cherehani, ameukunjua mkono anautazama,” anasema. “Nikarudi nyuma taratibu nisimkatishe.”

Mwakani anastaafu. Kabla ya kukabidhi mashine, anataka kukereza kitu kimoja cha mwisho: hereni. Msimamizi ameshaidhinisha kipande.

Mkewe anaguna. Matundu ya masikio yake yaliziba zamani, nayo kwa sababu ya nikeli.

“Uzee huu nitoboe masikio? Watu watasemaje?”

“Waseme,” anajibu mumewe. “Wewe nitajie ukubwa tu.”

Mama anatia uzi kwenye sindano ya cherehani, anasogeza kitambaa, lakini mguu haukanyagi.

“Ndogo ndogo basi,” anasema polepole. “Ziwe za mviringo.”