Fundi aliyeitwa Sikio, na mke anayemsikilizia beringi

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamke amelala kifudifudi kwenye kiti cha nyuma cha teksi isiyo yake. Sindano nene ya kushonea viti imechomekwa kwenye ukosi wa blauzi yake. Sikio moja amelibandika kwenye kiti, la pili amelifunika kwa kiganja. Gari linakwenda.

Mbele, mumewe ndiye anayeshika usukani. Kando yake ameketi mwenye teksi, ambaye kila mara anageuka kutazama nyuma kana kwamba wamebeba mgonjwa.

"Mama, umelala?"

"Nyamaza, mwanangu. Gari lako linaongea, na wewe unalikatiza."

Barabara ni tupu na imenyooka. Mwendo unapofika sitini, mvumo unaanza, mzito, kama kinu cha kusaga kilicho nyumba ya tatu. Mume anatoa gia. Injini inatulia, mvumo hautulii. Anakata usukani kidogo kulia, mvumo unapanda. Anakata kushoto, unashuka.

Mwanamke ananyoosha mkono na kumgonga mumewe bega la kushoto mara mbili.

"Beringi ya mbele kushoto," anasema mume, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Gari likikata kulia, uzito huegemea magurudumu ya kushoto, na beringi mbovu ikilemewa hulia. Hilo kila fundi analijua. Tofauti ni kwamba fundi huyu hakusikia chochote.

Ana miaka hamsini na mitatu, na ishirini na tisa kati ya hiyo ameishika spana. Katika gereji yao, uwanja wa mafundi kumi na wanne chini ya paa moja la mabati, anaitwa Sikio. Jina hilo alipewa enzi ambazo angeweza kukaa ameipa barabara mgongo, gari likapita, naye akasema bila kugeuka, "Huyo kulia nyuma, hamalizi mwezi." Watu walicheka. Mwezi ukiisha, gari lilikuja likivutwa kwa kamba.

"Mikono yangu ilikuwa ya kawaida tu," anasema. "Sikio ndilo lililokuwa fundi."

Sikio hilo limeliwa na nyundo, grenda na jenereta iliyonguruma hatua nne kutoka mahali pake pa kazi kwa miaka kumi na minane. Daktari aliyempima alimwambia sikio la kushoto limekwisha, na la kulia limebakiwa na theluthi. Kifaa cha kumsaidia kusikia kina bei ya mapato yake ya miezi kumi na minne. Zamani alitengeneza magari manane kwa wiki. Sasa ni matatu, wiki njema manne.

Mkewe ni fundi wa viti vya magari, na amekuwa akishona katika gereji hiyo hiyo kabla hawajaoana. Ndiye aliyegundua kwanza.

"Nilimwita akiwa amenipa mgongo, kimya. Nikaangusha mkasi mkubwa sakafuni, hakugeuka," anasema. "Nikauokota, nikaendelea kushona. Sikumwambia. Ile ilikuwa fahari yake, ningeianzia wapi?"

Kazi ya kusikiliza alijifunza baadaye. Fundi alitunga beringi mbovu kumi na moja kwenye waya na kuzitundika juu ya cherehani yake. Alizizungusha moja moja mkewe akiwa amefumba macho. Hii iliingia maji. Hii ilikauka grisi. Hii ilipigwa nyundo. Yeye alizitambua kwa vidole, mkewe kwa masikio, hadi majibu yao yakafanana.

Mafundi wenzao hawakuwaacha salama.

"Wengine wameoa wake, Sikio kaoa sikio!" anapaza sauti fundi rangi teksi inaporudi gerejini.

"Na sikio halipiti kichwa, mama!" anadakia mwingine.

"Kichwa kipi, hicho chako cha kutundikia kofia?" anajibu mwanamke, akishuka na kujipangusa magoti. Uwanja unaangua kicheko. Mumewe anaona meno ya watu, anatabasamu nao.

Jeki inainua gari. Fundi analishika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Linacheza. Kisha analizungusha kwa mkono mmoja, na mkono wa pili anaukumbatisha kwenye springi. Anafumba macho. Anasema chuma kinamletea mkwaruzo hadi kwenye kiwiko, "kama mtu anayetafuna mchanga". Bila mkono huo kukubali, hafungui nati hata moja, hata mkewe awe amesema nini.

Anafungua. Breki anaifunga kwa waya juu, isining'inie kwa mpira wake. Beringi inatoka imekuwa ya bluu kwa moto, na grisi imegeuka uji mweusi.

Ya kubadilisha inanunuliwa mbali. Fundi anatoka saa tatu na robo, anarudi saa tano kasoro dakika tano. Mwenye teksi anashangaa.

"Mzee, gereji kubwa hivi hamna duka la spea jirani?"

Fundi ameona midomo, ameelewa swali. Anatazama ng'ambo ya barabara, kwenye mlango wa bati uliofungwa kwa kufuli mbili zenye kutu.

Beringi mpya anaiingiza kwa presi, fremu ya chuma aliyoichomelea mwenyewe, yenye jeki ya lori katikati. Anapiga pampu polepole, akiangalia isiende upande. Pembeni ipo nyundo ya kilo tatu. Tangu miaka miwili iliyopita haijagusa beringi.

Saa sita na nusu wako tena barabarani, mwanamke kwenye kiti cha nyuma. Kilomita ya kwanza anasikiliza tu. Ya pili anamgonga mumewe katikati ya mgongo. Hiyo maana yake: bado.

Mvumo mzito umekwisha, anaeleza. Lakini chini yake umebaki mwingine, mwembamba, ambao haupandi wala haushuki usukani ukikatwa.

"Ah, mama!" anasema mwenye teksi. "Hayo matairi tu hayo. Nina abiria ananisubiri."

Fundi, aliyekuwa akimtazama mdomoni, anakanyaga breki. Gari linasimama kando ya barabara.

"Umesema matairi?"

"Matairi, mzee. Yameisha, nayajua mwenyewe."

"Huyajui. Shuka."

Pale pale kwenye vumbi anatoa jeki. Magurudumu ya mbele anayapeleka nyuma, ya nyuma anayaleta mbele. Mwenye teksi anatazama saa ya simu yake na kunung'unika. Kazi inachukua dakika kumi na mbili. Wanaondoka, na kabla ya kilomita moja mwanamke anainuka na kukaa.

"Mvumo umehamia nyuma," anamwambia mumewe, akimtazama kwenye kioo ili amsome midomo. "Uko chini yangu kabisa. Ni matairi kweli."

Wanarudi gerejini. Teksi inapoondoka, anakaa juu ya tairi kuukuu na kuifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Dakika kumi na mbili," anasema. "Ndizo nilizomnyima mwalimu."

Mwalimu wa chekechea alimletea gari dogo jeupe, miaka miwili iliyopita, mwezi ambao masikio yalikuwa yamekwisha na hakuna aliyejua ila mkewe. Siku hiyo jeki ya presi ilivuja mafuta. Akaiingiza beringi mpya kwa nyundo na kipande cha bomba, kama alivyofanya mara nyingi. Beringi haipendi kupigwa, lakini zamani, ikiumia, sikio lilimwambia, akaifungua upya. Akaendesha gari na mwalimu kando yake. Kukawa kimya, kwa sababu kwake kila gari lilikuwa kimya.

"Mwalimu akaniuliza, 'Fundi, mbona kama bado inavuma?'" anasema. "Nikaona aibu. Mimi Sikio, niulizwe hivyo? Nikamjibu, 'Ni tairi hizo, mwalimu. Zimeliwa.' Akaniamini. Akanishukuru."

Siku ya kumi na saba, gurudumu lilijifunga kwenye mteremko na kukatika. Gari lilikwenda kwenye mtaro. Mguu wa kulia wa mwalimu ulikatwa chini ya goti.

Walimletea beringi iliyoungua, watu wamejaa uwanjani, ndugu wa mwalimu wakiwa mbele. Aliigeuza mkononi. Aliona alama ya bomba lake kwenye ukingo wa ndani, mahali ambapo beringi haipaswi kupigwa.

"Nikainua juu, nikasema, 'Feki hii. Tazameni wenyewe.'"

Muuza spea wa ng'ambo, aliyeiuza beringi hiyo na waliyemwita Bwana Boksi kwa kuwa hakuuza kitu kisichokuwa ndani ya boksi lake la kiwandani, alisimama mlangoni akiwa na boksi lenyewe mkononi. Alilionyesha kwa kila mtu. Hakuna aliyelitazama. Mwezi wa kwanza vioo vyake vilivunjwa. Mwezi wa nne alifunga duka. Sasa anasukuma mkokoteni wa maji, madumu ishirini kwa safari. Ana miaka sitini na moja.

"Ananipita hapa," anasema fundi. "Hanisalimii. Mkokoteni wake beringi zimekufa, mke wangu anasema unalia toka mbali. Mimi nauona tu."

Mwalimu, kwa upande wake, alimtumia salamu akiwa bado kitandani hospitalini: mwambieni fundi asijilaumu, si kosa lake.

"Hizo salamu zimenizidi," anasema.

Mkewe ameacha kushona. Anasema asiachwe kando kana kwamba ni malaika. "Nilijua hasikii. Nilimwona anampokea mwalimu funguo. Sindano ilikuwa mkononi, nikainama nikaendelea. Mguu ule na mimi nimo."

Haya yote fundi ameomba yaandikwe, pamoja na ile alama ya bomba. Alimchafua mwenzake mbele ya watu, anasema, na mbele ya watu ndiko atakakomsafishia. Lakini hataki mwalimu na Bwana Boksi wayasome gazetini kwanza. Jumapili hii, kabla gazeti halijatoka, atakwenda nyumba mbili. Beringi ile ameihifadhi, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha viti. Ataibeba.

Hatarajii kusamehewa. Ndugu wa mwalimu wanaweza kumpeleka polisi, naye amemwambia mkewe akae tayari kwa hilo. Tumaini lake ni dogo, na linaonekana kutoka pale alipokaa: mlango wa bati ufunguliwe tena, na mwenye teksi mwingine akiuliza duka la spea, aonyeshwe ng'ambo ya barabara.

"Kwa nani kwanza?" anauliza mkewe.

"Kwa mwalimu. Halafu kwa Bwana Boksi. Nitakwenda peke yangu, mama watoto. Uongo ulikuwa wangu."

Mwanamke anazunguka na kusimama mbele yake, ili midomo yake ionekane vizuri.

"Kusema utasema. Watakalokujibu utalisikiaje?"

Fundi anainamisha macho. Kisha anayainua tena, kwa sababu asipomtazama hatajua kama amemaliza.

"Wakinitukana, utaniambia?"

"Nitakwambia."

"Yote?"

"Neno kwa neno," anasema mkewe. "Sitakupunguzia hata moja."