Fungu la Mbwa wa Mjomba

Nakumbuka siku niliyopanda kutoka Baraka, mji wa ziwani, mpaka kijijini kwetu Lubondja na gunia la chakula cha mbwa kichwani, na, mwanangu, nilitembea kwa majivuno kweli. Nilikuwa mpishi wa mgeni mmoja pale kando ya ziwa. Vita vilipokaribia alipanda boti na mbwa wake, akaniachia gunia hilo lenye picha ya mbwa mnene.

Mjomba wangu alikuwa mwindaji. Mbwa wake alimpa jina Mutachoka, yaani mtachoka kunisema, maana kwetu jina la mbwa huwa ni jibu kwa majirani wanaokusema; ukimwita mbwa, wao wamekusikia. Mutachoka alikula ugali wa muhogo, mchuzi na ndagala, dagaa wa ziwani, zilizopondwa. Siku ya windo alipewa fungu lake, mapafu na kipande cha ini, kabla nyama haijaingia jikoni. Mimi niliyekuwa nimeishi na wageni niliona huo ni ushamba mtupu. Nikamwambia mjomba kwamba mbwa ana chakula chake cha kitaalamu, nikaanza kumjazia bakuli asubuhi na jioni. Sitakudanganya: alikipenda, na manyoya yake yaling'aa.

Wiki chache baadaye risasi zililia upande wa barabara, tukakimbilia msituni juu ya kijiji. Gunia lilikuwa limebaki vumbi tu. Mdogo wangu Riziki alikuwa ametoka kuugua, miguu imeanza kumvimba, na mama alisema wazi kwamba mtoto huyu asipopata nyama hatutarudi naye. Nyama tungeipata kwa windo la Mutachoka tu. Naye Mutachoka alinusa ugali, akageuza kichwa, akaja kulala miguuni pangu akingoja kile cha gunia. Siku ya tatu hakuweza hata kupanda mlima.

Mjomba hakupiga kelele. Alinitazama, akasema, "We mutoto, ulizoeza imbwa yangu chakula yenye inatoka na barabara. Sasa barabara iko na benye bunduki. Enda ubaombe."

Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka. Nilichukua fungu langu mwenyewe la ndagala, nikaliponda, nikalikanda na ugali, nikamlisha kwa vidole kidogo kidogo. Mimi nilikula sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki. Siku mbili alitema. Siku ya tatu alilamba mpaka sahani, na kesho yake akatoa kwenye nyasi ndezi wawili, wale panya wakubwa wa porini.

Mjomba aliwapasua palepale, akaweka mapafu na ini mbele ya Mutachoka kwanza. Jirani mmoja tuliyekimbia naye akawaka: "Batoto beko na njala, na we unapatia imbwa ini?"

Mjomba hakuinua hata kichwa. "Njo yeye alikimbia. We ulikuwa umeikala."

Riziki alikunywa mchuzi wa nyama iliyobaki, akaomba mwingine, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuhame.

Sasa wewe unaniambia duka la mjini lina magunia mazuri, na kwamba kumpikia mbwa ni mambo ya kizamani. Niambie tena, nimezoea! Sisemi gunia ni sumu. Ukilipata, mpe, lakini mchanganyie, na sufuria yake isikauke. Muhogo uloweke siku zake zote, usiharakishe. Samaki mtoe miiba mikali, chumvi iwe kidogo sana, na mifupa ya kuku iliyopikwa itupe mbali, itamchoma tumboni. Anayekutegemea usimzoeze kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukifungia njiani. Na akikufanyia kazi, fungu lake mpe mbele za watu, wakutazame vibaya wapendavyo. Mimi wangu nampa hadi leo, na anayecheka acheke.

Haya, inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu aepushe vita na nyumba yako. Lakini wakirudi kukaa barabarani na bunduki zao, akujalie wakute wote wa nyumbani kwako, wa miguu miwili na wa miguu minne, wameshakula.